Nguzo Tatu Langoni

Mkutano ulikuwa wa saa nne, ukaanza saa sita kasoro. Ulikuwa msimu wa kuvuna viazi, na lori likifika shambani halingoji mtu. Tulikaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa, nje baridi ya Molo ikiwa ile ya kawaida, ile inayowafanya wageni kutoka Nakuru mjini waulize kama huku jua huwa linatoka. Ajenda ilikuwa moja: pesa zimekuja.

Hazikuwa pesa nyingi. Laki sita na ushee, ruzuku ndogo ya mazingira ambayo kikundi chetu kilikuwa kimeiomba mara mbili bila mafanikio. Mara ya tatu tuliandika kwamba tutatengeneza njia ya kutembelea, mita 1,200 hivi, kutoka lango la msitu hadi kwenye kijito kimojawapo cha vile vinavyolisha Mto Molo, ule unaoshuka kutoka Mau hadi Ziwa Baringo. Njia itamwagwa changarawe na kushindiliwa. Kutakuwa na daraja dogo la mbao, mabenchi manne, kibao cha maelezo, na miche ya kiasili itapandwa pande zote mbili. Fomu iliuliza pia: je, njia hii itawafaa watu wote, wakiwemo wenye ulemavu? Tukajibu ndiyo. Nadhani jibu hilo ndilo lililotupa alama.

Ndiyo maana shangazi yangu alikuwa pale ukumbini. Ana miaka 68, na kisukari kilimchukulia mguu wa kushoto miaka minne iliyopita. Kamati ilimwalika kama mwakilishi, na akaja na kiti chake cha magurudumu, kikisukumwa na mjukuu wake juu ya matope yote ya kutoka barabarani.

Basi mambo yalikwenda vizuri hadi kijana mmoja, skauti wetu wa msitu, aliponyanyua mkono. Alisema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Njia ya sasa ni mbaya: mizizi, mawe, utelezi. Lakini ubaya huo ndio unaomsaidia yeye. Boda boda haiwezi kushuka pale. Mkiinyoosha na kuishindilia, alisema, nduthi zitaingia hadi mtoni saa nane za usiku na kutoka na makaa. "Mtakuwa mmewatengenezea barabara."

Akapendekeza nguzo tatu za chuma langoni, zilizosimikwa kwa saruji, zikiacha nafasi ya mtu mmoja kupita kwa miguu. Watu wakapiga makofi. Fundi akaulizwa bei papo hapo.

Shangazi akangoja makofi yaishe. "Mwenyekiti, na mimi nitapita wapi?"

Hapa inabidi nitaje vipimo, kwa sababu jambo lote limo ndani ya vipimo hivyo. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi, na anayekiendesha kwa mikono yake anahitaji nafasi ya 80 au zaidi ili asichubuke vidole. Usukani wa pikipiki nyingi za boda boda hauzidi sana sentimita 80. Kwa hiyo hakuna nafasi unayoweza kuiacha kati ya nguzo mbili ikampitisha shangazi kwa raha na kumzuia mbeba makaa. Atakapopita mmoja, mwenzake naye atapita. Fundi alijaribu kuchora kwenye karatasi, akapima, akafuta, akaacha.

"Shosho, hakuna aliyekukataza," mwenyekiti akasema kwa upole, na najua alimaanisha. "Nguzo ya katikati tutaiweka kufuli. Ufunguo atakaa nao skauti. Wewe ukitaka kuingia, unampigia simu tu."

Shangazi akamwangalia yule kijana. "Na wewe, kijana wangu, ukitaka kuingia msituni, unampigia nani?"

Watu wakacheka, mkutano ukaahirishwa. Mimi nilirudi nyumbani na swali ambalo sijaweza kulitua tangu siku hiyo. Je, ni haki kumzuia asiyekuwa na kosa ili umzuie mkosaji, ikiwa njia nyingine ya kumzuia mkosaji ni ghali au haipo?

Nianze kwa kumtetea skauti, kwa maana ni rahisi sana kumfanya yeye ndiye mbaya wa hadithi hii. Anayeishi Molo hahitaji kuelezwa msitu ukiondoka unaondoka na nini. Mau ndiyo inayolisha Mara, Sondu, Njoro na Molo. Wazee wetu wanakumbuka vijito ambavyo leo ni mifereji mikavu Januari na Februari. Skauti huyu hulala nje kwenye baridi, posho yake hutoka mara moja moja, na kila mti wa kiasili unaoanguka usiku anaulizwa yeye asubuhi. Anapoomba nguzo, anaomba kitu kimoja kisicholala wala kupokea hongo. Ukimwambia kwamba nguzo ni ukatili, atakuuliza wewe ulikuwa wapi saa nane za usiku.

Hoja yake ina nguvu nyingine pia, nguvu ya hesabu. Mwenyekiti aliniambia baadaye, tukiwa wawili: "Hebu tuseme ukweli. Watu wa viti vya magurudumu watakaokuja huku kwa mwaka ni wangapi? Wawili? Watano? Na maji ya mto huu yanakunywewa na watu wangapi?" Ukiweka watano upande huu wa mizani na maelfu upande ule, mizani inaanguka yenyewe.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro. Unahesabuje watu wanaofika mahali ambapo hawajawahi kuweza kufika? Ukisimama kwenye ngazi za jengo lisilo na njia ya magurudumu, utahesabu walemavu sifuri, kisha utasema hakuna haja ya njia ya magurudumu. Sifuri hiyo tumeitengeneza sisi. Na si viti tu. Njia iliyoshindiliwa, isiyopanda zaidi ya mita moja kwa kila mita 12 za urefu, inamfaa mama mwenye kigari cha mtoto, mzee wa bakora, kijana wa magongo, asiyeona anayehitaji ukingo ulionyooka wa kufuata kwa fimbo, na mjamzito wa miezi minane. Kila mmoja wetu ama alikuwa katika kundi hilo au anaelekea huko. Shangazi mwenyewe miaka mitano iliyopita alikuwa anahesabiwa upande wa wale maelfu.

Halafu kuna swali la pili, ambalo watu hawakulisema ukumbini ila lilikuwemo usoni mwao. Msituni anaenda kufanya nini? Kwetu mtu huingia msituni kwa sababu: kuni, asali, dawa, malisho, au shamba la viazi katikati ya miche ya saipresi kwa ule mpango wa PELIS, ambapo unalima miaka michache huku ukiitunza miti hadi ifunge kivuli. Kuingia msituni mikono mitupu, kutembea tu na kurudi, ni mambo ya watalii. Kwa hiyo mtu akisema haki ya kutembea msituni, masikio yetu yanasikia anasa.

Lakini sheria yenyewe haioni hivyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zinavipa vyama vya jamii vya misitu nafasi ya kushiriki kuusimamia msitu na kuutumia. Ukisoma orodha ya matumizi hayo, utakuta kuokota kuni, kuvuna asali, kukata nyasi, na pamoja nayo utalii wa mazingira na burudani. Viko katika orodha moja, na hakuna palipoandikwa kwamba kuni ni haja na burudani ni ziada. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika, kwa kiwango kinachofaa, mahali pote. Pote ni pote. Haikusema ofisini na hospitalini peke yake.

Na hata tukiiacha sheria, mwangalie shangazi. Amebeba kuni kutoka msitu ule zaidi ya miaka 30. Anazijua njia zake kwa mgongo, kama walivyozijua wanawake wote wa rika lake, wameinama, macho yakitazama vidole vya miguu. Aliniambia kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kuketi kando ya kile kijito, kwa sababu ukiketi na mzigo hutaweza kuinuka tena. Sasa mzigo umeisha, anataka kwenda kuketi. Kama hiyo ni anasa, basi ni anasa aliyoilipia mapema.

Turudi kwenye nguzo. Kitu kilichonisumbua zaidi ni jinsi tulivyozifikia haraka, na makofi juu. Nimejaribu kufikiria ni wapi pengine nimeiona haraka hiyo, na sikuhitaji kutoka eneo bunge letu.

Molo ina wadi nne: Molo, Turi, Elburgon na Mariashoni. Mariashoni ni mojawapo ya makao ya Waogiek, watu walioishi ndani ya Mau kwa asali na kuwinda kabla ya kuwepo kitu kinachoitwa Idara ya Misitu. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 kuondoka, wao pamoja na walowezi wengine wa msituni, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuuokoa msitu wa Mau. Kesi ikafika Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba serikali ilivunja haki zao. Ilisema kwamba Waogiek hawawezi kubebeshwa lawama ya kuharibika kwa Mau, na kwamba uharibifu huo hauwezi kuwa sababu halali ya kuwaondoa. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia ya shilingi 157,850,000.

Sasa jiulize: Mau iliharibiwa na nani? Ndiyo, kuna makaa, na kuna shoka la usiku. Lakini mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za msitu, sehemu kubwa ikiwa ya Mau, zilitolewa kwenye orodha ya misitu ya serikali kwa notisi katika gazeti rasmi. Ilikuwa karatasi na sahihi, mchana kweupe. Hakuna nguzo duniani ingeizuia kalamu hiyo, maana kalamu haipiti langoni. Na ukweli ulipodhihirika kwamba msitu umekwisha, mkono wa sheria haukuanza na mwenye kalamu. Ulianza na mrina asali, kwa sababu yeye alikuwepo, anaonekana, na nyumba yake inachomeka.

Sisemi kwamba shangazi kuambiwa apige simu ni sawa na mtu kuchomewa nyumba. Hayalingani hata kidogo. Nasema mantiki ni ile ile. Uharibifu unapotushinda, tunamtafuta anayezuilika badala ya anayeharibu. Mbeba makaa ana pikipiki, ana marafiki, ana njia za panya tano anazozijua. Ukimwekea nguzo atazunguka juu, kwenye shamba la mahindi, atapoteza robo saa. Mwenye kiti hawezi kuzunguka. Kwa hiyo katika wote wawili, yule ambaye nguzo inamzuia kwa hakika, mchana na usiku, mwaka mzima, ni yule ambaye hakuna mtu aliyewahi kumshuku.

Labda utasema: lakini kuna ufunguo. Si amepewa ufunguo?

Hajapewa. Amepewa namba ya simu ya mwenye ufunguo, na tofauti iliyopo ni ile kati ya kuingia na kuingizwa. Anayeingia anaweza kuamka asubuhi, akaona jua limetoka, akaamua. Anayeingizwa lazima ajieleze: ni nani, anataka nini, atakaa muda gani, na kama skauti yuko Elburgon kwenye mazishi basi atarudi nyumbani. Akishapiga mara tatu ataona haya kupiga ya nne. Hakuna atakayemkataza. Ataacha mwenyewe, na mwisho wa mwaka tutaandika kwenye ripoti kwamba mahitaji yalikuwa madogo. Swali lake kwa yule kijana lilichekesha, lakini lilikuwa swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Basi kama nguzo si haki, kwa nini ndizo zilizotujia akilini kwanza? Nimefikiri, na jibu nililofikia halihusu moyo wa mtu yeyote. Linahusu umbo la pesa.

Ruzuku ndogo zina tabia zake. Ule mpango mdogo wa ruzuku wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaosimamiwa na UNDP, ulianza 1992 na umefanya kazi Kenya tangu miaka ya tisini. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa kikundi, na vikundi vingi hupata chini ya hapo. Siku hizi kuna pia FLLoCA, mpango wa serikali wa kupeleka pesa za tabianchi hadi kwenye kamati za wadi. Kuna mashirika na makanisa. Ni jambo zuri, na bila hizo vikundi kama chetu vingebaki na mihuri tu. Lakini nyingi ya pesa hizi hupenda kitu. Kitu kina risiti, kinapigwa picha kabla na baada, na kinakamilika kabla mradi haujafungwa. Mshahara wa mtu wa kukaa langoni haupigwi picha. Unaitwa gharama ya kujirudia, na karibu kila mfadhili huuliza: sisi tukiondoka, nani atamlipa? Ni swali la haki. Tumeona mishahara ya miradi ikiliwa na mashemeji. Lakini matokeo yake ni kwamba kikundi kinapewa pesa za kununua chuma na hakipewi za kulipa macho. Basi kazi ya macho inapewa chuma. Na chuma hakijui kutofautisha gunia la makaa na mguu uliokatwa. Mtu angetofautisha kwa mara moja.

Je, lazima iwe hivyo? Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba bustanini Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, na kutoka hapo likakua vuguvugu la Green Belt. Watu wanamkumbuka kwa Karura, kwa kipigo cha Januari 1999 na kwa Nobel ya 2004. Mimi ninachokivutiwa nacho zaidi ni utaratibu mdogo wa malipo. Wanawake wa vikundi vyake walilipwa pesa kidogo sana, senti, kwa kila mche. Lakini hawakulipwa kwa kupanda. Walilipwa kwa mche uliopandwa na ukashika, ukaishi. Maana yake pesa ile, ndogo kama ilivyokuwa, ilinunua uangalizi. Ilimlipa mama kwa kurudi kuutazama mti wiki baada ya wiki. Leo tuna siku za kitaifa za kupanda miti, na kuna lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na kila mwaka tunapigwa picha tumeshika miche. Ni nani anayepigwa picha akirudi Agosti na ndoo ya maji?

Karura yenyewe ni mfano wa pili, na wenye kuonya. Baada ya uzio kukamilika, watu wa Nairobi walianza kuingia kwa wingi, wakilipa ada ndogo langoni, na kwa miaka mingi pesa hiyo ikasaidia kulipa watu: maskauti, wasafishaji, watengeneza njia. Pale kuna macho, ndiyo sababu mama anaweza kukimbia peke yake asubuhi. Lakini Karura imezungukwa na Muthaiga, Gigiri na Runda. Lango letu limezungukwa na viazi. Ukimtoza mtu wa Molo shilingi mia kuingia msituni, ataenda na mia yake dukani kununua sukari, na hutamlaumu. Hatuwezi kuinakili Karura. Tunachoweza kujifunza kwake ni kwamba kilichobadilisha mahali pale hakikuwa waya peke yake. Walikuwepo watu waliolipwa kuwepo.

Kuna pingamizi moja ambalo sitaki kulikwepa. Mtu atasema: hizo laki sita zingejenga vyoo shuleni, zingenunua viti vya magurudumu vingapi kwa wasio navyo kabisa. Ni kweli. Kama pesa ingekuwa yetu ya kuamua tangu mwanzo, huenda ningepiga kura hivyo. Lakini haikuwa hivyo. Iliombwa kwa ajili ya njia, na iliombwa kwa jina la watu kama shangazi. Tulitumia mguu wake kupata alama. Hapo ndipo ninapoona deni la kweli, na ni deni la kawaida kabisa la mtu kwa mtu, halihitaji falsafa kubwa. Ukikopa jina la mtu kununua kitu, huwezi kurudi kumwambia kwamba kitu hicho hakimtoshi kupita.

Mkutano wa pili ulifanyika wiki mbili baadaye. Ulikuwa mrefu na wenye maneno. Mwishoni tulikubaliana hivi: nguzo hazitawekwa. Mabenchi manne yakawa mawili, kibao cha maelezo kikawa kidogo, na tukamwandikia mfadhili kuomba kipengele kipya, matunzo ya njia kwa miezi 12, yaani posho ya watu wawili wa zamu. Akakubali, kwa masharti na barua tatu. Wakulima wenye mashamba ya PELIS karibu na lango wakaahidi kushika zamu za jioni, kwa kuwa wapo pale pale na viazi vyao pia huibiwa. Skauti alikubali shingo upande. Alisema, "Sawa. Lakini siku mti ukianguka, msiniangalie mimi."

Mti ulianguka. Sitaficha. Mwezi wa tatu tangu njia ikamilike, pikipiki ilipita usiku juu ya changarawe yetu, na asubuhi tukakuta kisiki cha mutamaiyo, ule mzeituni wa mwituni unaotoa makaa mazuri. Ulikuwa mti mzee kuliko yeyote kati yetu. Mwenyekiti hakusema "niliwaambia", lakini alikaa juu ya kisiki kile muda mrefu, na mimi nilikosa pa kuweka macho. Je, nguzo ingeuokoa? Labda. Anayetetea haki ya mtu kupita lazima awe tayari kusema kwa sauti kwamba haki hiyo ilikuwa na bei, na kwamba safari hii bei ililipwa na mti. Naisema. Na bado naamini tulichagua sawasawa, kwa sababu mti ule uliuawa na mwizi, na mwizi tunaweza kuendelea kumtafuta. Nguzo ingekuwa kazi ya mikono yetu wenyewe.

Shangazi alikwenda mtoni kwa mara ya kwanza mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimeanza. Tulikuwa watano. Kiti kilipita langoni bila mtu kupigiwa simu. Tulifika kona ya pili, karibu mita 400 kutoka kijitoni, tukakuta maji yamekata changarawe na kuacha matope ya mfinyanzi, yale ya Molo yanayoshika gurudumu kama gundi. Tulisukuma, tukainua, kiti kikazama. Mjukuu wake akaanza kuomba msamaha, mimi nami nikaanza kueleza habari ya mitaro na mteremko.

"Nyamazeni," akasema. "Haya ni matope. Matope hayakunichagua mimi. Hata nyinyi mmekwama."

Ilikuwa kweli. Viatu vyetu vilikuwa vimemezwa hadi kwenye kamba. Tukakaa pale pale kona ya pili, tukanywa chai ya chupa, maji ya kijito yakisikika chini lakini hayaonekani. Kisha tukarudi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na majembe, skauti akiwa mbele, tukachimba mtaro.